Mbolea ya ruzuku: kutoka daftari la kijiji hadi kwenye shimo la mahindi

Mzee mmoja wa kitongojini kwetu, huku Mbozi mkoani Songwe, alifika kwa wakala wa mbolea akiwa na hela ya mifuko minane kaifunga ndani ya leso, na namba yake ya mkulima kaiandika kwa penseli nyuma ya kadi ya kliniki ya mjukuu. Kijana wa dukani akaingiza namba, akanyamaza kidogo, kisha akamgeuzia simu aone mwenyewe.

"Mzee wangu, hapa umeandikishwa ekari moja."

"Mwanangu, mimi nalima nne, na wote wanajua."

Wote walijua kweli, isipokuwa mfumo. Mwezi wa nane alipopitiwa na waandikishaji alijibu "moja", kwa sababu aliyeuliza alikuwa na daftari, na mwenye daftari kijijini aghalabu huja na mchango: wa darasa, wa zahanati, wa mwenge. Mtu akipunguza ekari anadhani amejinusuru. Siku ile mzee aliondoka na mbolea ya ekari moja, na hela iliyobaki ikarudi nyumbani ndani ya leso ileile.

Nimeanza na kisa hiki kwa kuwa wengi huuliza habari za ruzuku mwezi wa kumi na mbili, foleni ikiwa imezunguka duka. Wakati huo kazi kubwa imeshapita. Mfuko wa bei nafuu unaupata au unaukosa kwenye daftari la kijiji, miezi minne kabla ya mvua. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye daftari na kupita haraka dukani.

Kwanza ujue hela inapita wapi

Ruzuku ya mbolea Tanzania haiji mkononi mwa mkulima. Hakuna siku utatumiwa hela kwenye simu, na anayekuambia utume kitu kidogo ili "hela zako za ruzuku zitoke" ni tapeli, mfungie namba. Serikali inalipa kampuni iliyoleta mbolea sehemu ya bei, wewe unamlipa wakala sehemu iliyobaki. Ili serikali ikubali kuilipa kampuni, lazima kuwe na ushahidi kwamba mfuko fulani ulinunuliwa na mkulima fulani aliyesajiliwa. Taratibu zote utakazokutana nazo, kuanzia namba hadi ile alama ya kuskani kwenye mfuko, zimetokana na haja hiyo.

Utaratibu huu ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 8 Agosti 2022, sikukuu ya Nane Nane, pale Mbeya. Mbolea ilikuwa imepanda bei tangu 2021, na vita vya Ukraine vikaongezea. Serikali ikatenga shilingi bilioni 150 kwa msimu wa 2022/2023. Kwa bei zilizotangazwa wakati ule, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulitoka shilingi 131,676 ukashuka hadi 70,000, na Urea, ya kukuzia, ikatoka 124,734 ikawa 70,000 vilevile. CAN na SA, nazo za kukuzia, zikawa 60,000 na 50,000. Piga hesabu ya ekari moja ya mahindi yenye mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa Urea: mkulima alibakiwa na 116,410 mfukoni. Bei hubadilika kila msimu, kwa hiyo usiende dukani na hizi kichwani. Uliza bei elekezi ya msimu husika kwa afisa ugani au soma tangazo la TFRA, mamlaka inayosimamia mbolea nchini. Tangu msimu wa 2024/2025 mbegu za mahindi nazo zimeingizwa kwenye ruzuku, na daftari ni lilelile.

Waliokuwa wakilima miaka ya 2008 hadi 2014 watakumbuka vocha. Kaya ilipewa vocha tatu za ekari moja: ya mbolea ya kupandia, ya mbolea ya kukuzia na ya mbegu. Vocha ilibeba kama nusu ya bei, nusu nyingine unatoa wewe. Ubovu wake ulikuwa kwamba karatasi inauzika. Mtu alisaini vocha, akapewa hela ya sabuni, na mbolea ikaenda kwingine huku vitabu vikionyesha ameipata. Mfumo wa namba umeletwa kuziba tundu hilo. Haujaliziba lote, lakini sasa jina lako likitumika vibaya kuna pa kuanzia kuuliza.

Daftari: hapa ndipo pa kukaa

Usajili na kuhuisha taarifa hufanyika kwenye ofisi ya serikali ya kijiji, au mtaa kwa wanaolima pembezoni mwa mji. Wahusika ni mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji anayewafahamu watu wake, na afisa ugani ambaye siku hizi huwa na kishikwambi cha kuingizia taarifa. Usisubiri wapite nyumbani. Ukishavuna, mwezi wa saba au wa nane, nenda mwenyewe. Ofisi zetu nyingi mtendaji ni mmoja na kijiji kizima kinamhitaji, kwa hiyo uliza kwanza siku anazokaa ofisini, vinginevyo utazoeana na kufuli la mlango.

Beba kitambulisho cha Taifa au namba ya NIDA, simu yenye laini yako, na vipimo vya shamba vilivyoandikwa. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Sisi huku mtu ana jina la ubatizo, la ukoo na la utani, na lile la utani ndilo linalojulikana hadi kwa mwenyekiti. Ukiandikishwa kwa jina la utani, siku ya kuthibitisha utakuwa mtu mwingine. Simama karibu na anayeandika, mwombe akusomee alichoandika herufi kwa herufi. Hatachukia, na akichukia ni dakika moja tu.

Halafu ukubwa wa shamba, panapoharibikia wengi. Tuna maneno matatu yanayogongana: ekari, heka na hekta. Kijijini "heka" ni ekari tu. Hekta ni kitu kingine, karibu ekari mbili na nusu. Nimewahi kuona fomu yenye safu ya hekta ikijazwa ekari, na nyingine kinyume chake. Kwa hiyo usitaje namba tupu. Sema "ekari tatu", uone na kinachoandikwa kipo kwenye safu ya ekari.

Kama hujawahi kupima, pima. Njia ya wazee ni hatua 70 kwa hatua 70, na si mbaya hata kidogo: ekari ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wenye upande wa mita 63 na nusu hivi, na hatua 70 za mtu mzima anayetembea kwa kujinyoosha zinakaribia hapo. Shamba likiwa na kona kona, ligawe vipande vyenye umbo la mstatili, zidisha urefu kwa upana wa kila kipande, jumlisha, gawa kwa 4,900 (ndiyo hatua 70 mara 70). Kwa mfano kipande cha hatua 140 kwa 105 ni hatua za mraba 14,700, ambazo ni ekari tatu kamili. Andika kwenye karatasi, uende nayo.

Usipunguze kwa kuogopa michango. Usiongeze pia. Mwenye ekari mbili anayeandika kumi hugundulika haraka, kwa kuwa mwenyekiti anajua mipaka ya kila mtu, na mgao mkubwa usiolingana na mavuno huleta wakaguzi. Huku kwetu, ambako mpaka wa Zambia pale Tunduma hauko mbali, mifuko mingi kwa mtu mmoja hutafsiriwa moja kwa moja kuwa inavuka.

Mambo mawili mengine kuhusu daftari yananisumbua, na huwa sioni yakisemwa.

Shamba la kukodi. Anayestahili kuandikwa ni anayelima, si mwenye ardhi. Lakini mwenye ardhi akiandikisha eneo hilohilo kwa jina lake, kutakuwa na watu wawili juu ya ekari zilezile na mmoja wenu atakwama. Mkikubaliana kukodi, andikeni karatasi fupi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: ekari ngapi, msimu gani, na kwamba mbolea ni ya mpangaji. Karatasi hiyo uende nayo ofisini.

La pili ni akina mama. Kaya nyingi huandikwa kwa jina la baba, ekari zote. Mama mwenye shamba lake la urithi, au anayelima kipande chake cha maharage, hubaki akiomba mbolea kwa mumewe kama anaomba hela ya chumvi. Hakuna kinachomzuia kuandikishwa kwa jina na laini yake, mradi ekari zake zisihesabiwe tena kwa mume. Nimeona kaya iliyofanya hivyo. Mwaka ambao baba aliuza mifuko yake apate ada ya mtoto, shamba la mama ndilo lililolisha nyumba.

Namba na simu

Ukishaingizwa kwenye mfumo unapata namba ya mkulima. Iandike mahali pawili, kimoja kisiwe simu. Usimpe wakala aitunze, wala kijana anayejitolea kukuchukulia mbolea na pikipiki yake, hata kama ni mtoto wa shemeji. Namba ndiyo mfuko wenyewe. Mwenye namba yako anaweza kumaliza mgao wako wewe ukiwa unapalilia.

Laini ya simu iwe yako na iwe inatumika. Baba yangu mdogo aliandikisha namba ya kijana wake kwa kuwa yake ilikuwa imefungwa. Kijana akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Ujumbe wenye namba ulimfikia akiwa anauza maji kwenye foleni za magari, akaufuta akidhani ni matangazo ya kampuni ya simu. Tulikuja kuipata namba kupitia afisa ugani, lakini tulipoteza wiki mbili, na wiki mbili za mwezi wa kumi na moja si za kuchezea.

Mwezi wa tisa, kabla hujauza hata debe moja ili ununue mbolea, mwombe afisa ugani akusomee taarifa zako kwenye mfumo: jina, ekari, mazao. Kama kuna kosa, wakati huo linarekebishika kwa utulivu. Desemba hakuna atakayekuwa na muda nawe.

Ununue mbolea gani

Mgao unatokana na ekari ulizoandikisha, lakini bado una la kuchagua. Wengi hutaka DAP kwa sababu ndiyo waliyoizoea. Ina naitrojeni asilimia 18 na fosfati asilimia 46, na kwa kupandia mahindi ni nzuri. Lakini kama shamba lako limepigwa DAP na Urea miaka kumi mfululizo, mahindi yakawa na rangi ya zambarau na kudumaa hata ukiweka mbolea, inawezekana udongo umekuwa na tindikali na mbolea inafungwa humo humo. Hapo dawa ni chokaa ya kilimo kwanza. Mwombe afisa ugani akupimie udongo. Ruzuku ya mfuko ambao udongo unaukatalia haina faida kwako.

Kwenye kukuzia, linganisha naitrojeni, usilinganishe bei ya mfuko. Urea ni asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. CAN ni karibu asilimia 26, sawa na kilo 13. SA ni asilimia 21, kilo kumi na nusu. Kwa bei za 2022/2023, kilo moja ya naitrojeni kwenye Urea ilisimama karibu shilingi 3,040, kwenye CAN karibu 4,600. Urea ni rahisi zaidi, ila ina ukorofi wake: ukiimwaga juu ya udongo na jua likawaka, sehemu yake inapaa hewani kama mvuke. Ifukie. Kama unajua vibarua wako hawatafukia, bora CAN.

Sasa kipimo, maana nimeona mtu akikaa foleni siku mbili kisha akamaliza mfuko kwenye nusu ekari. Ukipanda mahindi sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo 9,000 hivi. Mfuko una gramu 50,000. Gawanya: gramu tano na nusu kila shimo. Kifuniko cha soda kikijazwa na kusawazishwa kwa kidole kinakaribia hapo. Kwa hiyo kifuniko kimoja kila shimo, funika na udongo kidogo, ndipo mbegu. Mbegu ikigusana na mbolea inaungua. Kibarua anayetumia vidole vitatu badala ya kifuniko atakumalizia mbolea mstari wa ishirini, na ukimwambia atakujibu amelima kabla hujazaliwa. Mpe kifuniko, umpe na chai.

Ya kukuzia inawekwa mahindi yakifika magotini, kifuniko kilekile, pembeni ya shina kama kiganja kimoja, na udongo ukiwa na unyevu.

Siku ya kwenda kwa wakala

Nenda mapema, Septemba au Oktoba. Najua ugumu wake: ndio wakati mahindi yana bei ya kutupa, na kuuza gunia ukijua Februari litapanda kunauma. Lakini nimeshuhudia pia nauli ya kurudi dukani mara tatu ikila punguzo lote la mfuko. Njia ya kati tunayotumia sisi ni kununua ya kupandia mapema, ya kukuzia tunaiachia hadi Desemba. Tena mkienda watu sita mkakodi gari dogo moja, usafirishaji unakuwa nafuu kuliko kila mtu na bodaboda yake. Kama AMCOS yenu, yaani chama chenu cha ushirika cha wakulima, imeruhusiwa kuuza, chukueni pale. Ni karibu, na anayeuza mnamjua kwao.

Dukani, wakala anaingiza namba yako, mfumo unaonyesha mgao, anaskani alama iliyopo kwenye mfuko, unalipa. Mwombe akuonyeshe kioo cha simu kabla na baada. Ukichukua miwili ihesabike miwili, isiwe minne. Kisha dai risiti ya mashine. Bila risiti huna la kusema kesho.

Kagua mfuko. Mshono uwe wa kiwandani, usiwe na uzi wa rangi tofauti wala tundu lililoshonwa. Unyanyue. Ukihisi mwepesi omba upimwe, mzani upo dukani na mfuko wa 50 uwe 50. Ukishika mbolea kupitia mfuko usikie chembechembe. Ukisikia bonge gumu kama tofali, imenyonya maji, omba mwingine.

Kuna maneno utakayoambiwa ambayo usiyakubali. "Ongeza elfu mbili ya mtandao." Hakuna. "DAP hii inauzwa pamoja na dawa ya majani." Hapana, unanunua ulichokuja kununua. "Acha namba na hela, mzigo ukija nitakupigia." Hili la mwisho lilinikuta. Niliacha namba bila hela nikajiona mjanja, na nilipopigiwa simu niliambiwa mgao wangu unaonekana umeshachukuliwa. Jina la duka nimelimezea, kwa kuwa suala lilipofika wilayani lilirekebishwa, lakini tangu siku hiyo namba yangu haikai mahali nisipokaa mimi.

Mtandao ukikatika, na utakatika, usigombane na wakala. Hana uwezo nao. Uliza kama kuna orodha ya waliofika, jiandikishe, na kama umetoka mbali omba mifuko yako itengwe.

Ukikwama

Panda ngazi, usiruke. Kosa la jina, ekari au namba linaanzia kwa afisa ugani na mtendaji wa kijiji. Siku tatu zikipita kimya, nenda ofisi ya kata. Kisha ofisi ya kilimo ya halmashauri, kwa mkuu wa idara ya kilimo. Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, TFRA ina ofisi ya kanda Mbeya, na hao ndio wa kuwaendea mfuko ukiwa na mashaka ya ubora au wakala akiuza juu ya bei elekezi. Wakiomba rushwa, TAKUKURU hupigiwa 113 bila malipo. Kila ngazi nenda na vitu vinne: namba ya mkulima, kitambulisho, risiti, na tarehe ulizofika ofisi zilizotangulia zikiwa zimeandikwa. Ofisa akiona tarehe zimepangwa kwenye daftari la mtoto wa shule, anakaa vizuri kwenye kiti.

Kuuza mbolea ya ruzuku ni kosa, na wanaokamatwa huwa ni wadogo. Ninaelewa shida inayompeleka mtu huko. Ada na hospitali hazijui msimu. Ila nimewahi kuona hesabu yake: mtu kauza mfuko kwa faida ya elfu ishirini, akavuna magunia manne kwenye ekari ambayo jirani yake kavuna kumi na nane.

Nyumbani

Panga mifuko juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, na isikae chumba kimoja na mbegu. Urea ikifunguliwa ikabaki nusu, funga mdomo wa mfuko kwa kamba ya mpira. Ukiuacha wazi usiku mmoja wa mvua, asubuhi utakuta uji. Mifuko mitupu usiihifadhie unga wala kumtandikia mtoto.

Risiti zibandike kwenye daftari lako mwenyewe, pamoja na idadi ya mifuko, ekari na magunia uliyovuna. Na kama mwaka huu umeongeza shamba, umelirudisha la kukodi, au aliyeandikishwa amefariki na sasa wewe ndiye unayelima, usiendelee kununua kwa jina la marehemu. Mwezi wa saba, mahindi yakiwa bado yanaanikwa, pita kwa mtendaji na karatasi ya hatua zako.